Mbinu za kuunda mifumo ya taarifa: ulinganisho

Mbinu ya kuunda mfumo wa taarifa ni utaratibu wa kulitoa hitaji la watu katika maneno na madaftari hadi likawa chombo kitendacho kazi. Na kuzilinganisha mbinu ni kuuliza, kabla ya kuhesabu muda na gharama, kila moja inampa nani haki ya kusema, na wakati gani.

Mbinu ya maporomoko humaliza kila hatua kabla ya kuingia ya pili: mahitaji, usanifu, uandishi wa programu, majaribio, makabidhiano. Winston Royce, ambaye makala yake ya 1970 hutajwa kuwa asili yake, alionya papo hapo kwamba mwendo huo usio na marejeo una hatari. Onyo likasahauliwa, mchoro ukabaki.

Kwa mfano, katika viwanda vya kahawa vya ushirika vya Kaunti ya Nyeri, Kenya, huko Othaya, Tetu na Mathira, kahawa iliyochumwa hupimwa kwa kilo, mkulima hupokea risiti, na malipo humfikia baada ya miezi, makato yakiisha kutolewa. Karani ataka mfumo wa kujumlisha kilo. Meneja ataka hesabu za kumridhisha mkaguzi. Mkulima ataka kufahamu kwa nini bei ya mnadani si ile iliyomfikia. Na mke achumaye, ilhali nambari ya uanachama ni ya mumewe, ana suala lake. Mtaalamu wa maporomoko humhoji meneja, akaandika. Mbinu ya mifumo laini ya Peter Checkland wa Lancaster huwataka wote waeleze, kila mmoja kwa mtazamo wake, mfumo huo ni wa nini, na hiyo ndiyo fadhila yake kubwa.

Mbinu nyepesi, zilizopewa tamko mwaka 2001 na watu 17 huko Utah, Marekani, huacha matumizi yenyewe yafundishe. Jaribio la M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, lililoanza Oktoba 2005 Nairobi na Thika, halikubeba jina hilo, lakini lilifuata roho yake: lilikusudiwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya walipe mikopo kwa simu, nao wakaanza kutumiana fedha, waundaji wakaiacha azma ya kwanza, na Machi 2007 huduma ikafunguliwa kwa umma kwa ajili ya kutumiana fedha.

Kanuni za makato ya kahawa, hata hivyo, hazifai kugeuzwa kila mara matumizi yanapofundisha jipya. Kwa sehemu hiyo maporomoko yafaa, mradi yaanze baada ya mkulima, mume na mke, kuulizwa.