Kuburuta na Kudondosha: Ishara Moja, Fasiri Nyingi

Katika kiolesura cha michoro, yaani sura ya programu inayomwonyesha mtumiaji madirisha, vitufe na ikoni, hakuna kazi inayoonekana nyepesi kwa mkono na nzito kwa mwandishi wa programu kama kuburuta na kudondosha, kwa kuwa mwendo uleule unaweza kumaanisha kuchagua, kusogeza ukurasa au kubeba kitu.

Mwaka 1963, katika chuo cha MIT nchini Marekani, programu ya Sketchpad ya Ivan Sutherland ilimwezesha mchoraji kushika ncha ya mstari kwa kalamu ya nuru na kuihamisha. Hata hivyo, kompyuta ya Xerox Star ya 1981, ingawa ilikuwa na kipanya na ikoni za faili, bado ilimtaka mtumiaji achague faili, abonyeze kitufe cha kuhamisha kwenye kibodi, kisha aonyeshe inakokwenda. Lisa ya 1983 na Macintosh ya 1984, zote za Apple, ndizo zilizoeneza desturi ya kushikilia kitufe cha kipanya huku ikoni ikiburutwa hadi kwenye folda au pipa la taka.

Ugumu uliongezeka vitu vilipoanza kuvuka kutoka programu moja hadi nyingine, jambo lililopata taratibu zake katika teknolojia ya OLE 2 ya Microsoft mwaka 1993 na katika lugha ya Java mwishoni mwa 1998. Maktaba ya kiolesura, yaani hazina ya msimbo ulio tayari kutumiwa na programu nyingi, ilibidi isimamie mapatano kati ya pande mbili: chanzo hutaja aina za data kinazoweza kutoa, na lengo hujibu kama linapokea, na kama kitu kitanakiliwa au kitahamishwa. Kabla ya yote hayo, maktaba huamua kama uburutaji umeanza kweli. Maktaba ya Qt, kwa mfano, kwa kawaida husubiri kipanya kisogee pikseli 10, ili mtikisiko mdogo wa mkono usihamishe faili bila kukusudia.

Swali hilo la maana ya mwendo si la kompyuta peke yake: nchi ya Waluba, ulimo mkoa wa Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inajua tangu zamani kwamba maana ya mguso hutegemea muktadha. Wajuzi wa chama cha Mbudye walishika lukasa, ubao wa kumbukumbu uliopambwa kwa shanga, wakapitisha kidole cha shahada juu yake huku wakisimulia historia ya wafalme, na ushanga mmoja uliweza kufasiriwa tofauti kulingana na msimulizi na hadhira.

Skrini ya mguso imeurudisha uamuzi wa maana ya mwendo kwa kidole, na kwa kuwa kidole kinachoteleza tayari kinasogeza ukurasa, Android, iliyoingiza uburutaji katika maktaba yake mwaka 2011, kwa kawaida huuanzisha kwa kubonyeza na kushikilia. Kurasa za wavuti zilibaki nyuma, maana matukio yake ya uburutaji yalirithiwa kutoka kivinjari cha Internet Explorer 5 cha 1999, kilichobuniwa kwa ajili ya kipanya. Kwa hiyo anayetengeneza programu kwa ajili ya watu wa Haut-Lomami na aipime kwa kidole kwenye simu ya kawaida, tena aweke njia ya pili kwa asiyeweza kuburuta, kama mwongozo wa ufikivu wa WCAG 2.2 unavyotaka tangu Oktoba 2023.