Pishi, Kisaga na Kibaba: Kupungua katika Elimu ya Jeni

Katika makala haya twakusudia kuchunguza neno moja, kupungua, na jinsi linavyopimwa.

Itetemia, karibu na Tabora, ilikuwa makao ya watemi wa Unyanyembe. Katika karne ya 19 misafara ya pwani iliyokwenda Ujiji ilipitia nchi hiyo, nayo ilikuja na vipimo vyake: pembe za ndovu kwa frasila, nafaka kwa pishi na kibaba. Vipimo vya nafaka vilifuata mpango wa kugawa kwa nusu: nusu ya pishi ni kisaga, na nusu ya kisaga ni kibaba.

Mtafiti wa jeni naye hugawa vivyo hivyo. Jeni inapofanya kazi hutoa nakala za RNA, na kwa nakala hizo seli hutengeneza protini. Ili kuzipima, nakala hugeuzwa kuwa DNA, kisha huzidishwa kwa njia ya PCR, ambayo kila mzunguko wake hukaribia kuongeza idadi maradufu. Mambo mengine yakiwa sawa, sampuli iliyochelewa mzunguko mmoja ilianza na nusu, miwili, robo, mitatu, thumni. Ndiyo pishi, kisaga, kibaba na nusu kibaba.

Hata hivyo husemwa kwamba kazi ya jeni "imepungua mara nne". Msemo huu wapotosha. Kitu kikiondolewa kiasi chake chote mara moja, hakibaki kitu; hizo mara tatu zitaondoa nini? Yafaa kusema "imebaki robo", au "imepungua kwa asilimia 75".

Tena hapana budi kutaja kilichopimwa. Mwaka 1871 Mirambo alipofunga njia ya Ujiji, bidhaa zilizokwisha kuwekwa ghalani Unyanyembe hazikutoweka siku ile. Kadhalika RNA yaweza kupungua upesi, na protini iliyokwisha tengenezwa ikadumu.

Hili si suala la sarufi tu. Tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 hupunguza kazi ya jeni BCL11A katika seli zinazozaa chembe nyekundu za damu, ili himoglobini ya kijusi irejee. Selimundu ni maradhi ya watu wengi nchini mwetu. Mgonjwa anayeelezwa habari hizo kwa Kiswahili ana haki ya kujua kilichopungua ni nini, na kilichobaki ni kiasi gani.

Kwa hiyo twapendekeza "mara" liachiwe ongezeko, na upungufu utajwe kwa nusu, robo, thumni au asilimia.