Konrodi Hula Ukoko

Injini ikinoki, fundi huchukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye bloku na mpini akauegemeza sikioni. Akisikia ngo, ngo, ngo nzito inayozidi gari likikanyagwa, anajua beringi ya konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, imekwenda. Mara nyingi huwa ni hiyo, na kisa chake ni foleni. Oili hutoka kwenye sampu, hupita pampu na filta, huingia beringi kuu za krenki, kisha hupenya katundu kaliko ndani ya krenki yenyewe ndipo ifike kwenye konrodi. Wenzake wameshakula, yeye hukwangua ukoko.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza presha. Lakini Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akijaribu beringi miaka ya mwanzo ya 1880. Alitoboa tundu juu yake, na oili ikatoka yenyewe. Akaliziba kwa kizibo cha mbao, nacho kikasukumwa nje. Mwaka 1886 mwanasayansi Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu: mhimili unaozunguka huikokota oili hadi kwenye upenyo unaozidi kubana, oili ikawa kabari, na kabari hiyo ndiyo inayoubeba mzigo. Kwa hiyo pampu ni mchota maji tu. Kazi ya kubeba ni ya utando mwembamba kuliko unywele.

Wamarekani walisikia somo hilo nusu. Kwenye gereji zao za magari ya mbio kuna kanuni ya kienyeji: paundi 10 za presha kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Ndiyo maana pampu kubwa hununuliwa sana huko. Lakini hatua ninayoiheshimu zaidi ni ya Ford. Injini yao ya 427 ilikuwa ikipeleka oili kwanza juu, kwenye kemshafti, krenki ikingoja. Mwaka 1965 walishusha mfereji mkuu wa oili hadi ubavuni mwa bloku, chini, ili krenki ihudumiwe kabla ya wengine. Mwaka uliofuata magari yao ya GT40 yenye 427 yalishika nafasi tatu za kwanza katika mbio za Le Mans. Sisemi mfereji ndio ulioshinda mbio zile; nasema waliopanga upya foleni walikuwa wameelewa ugonjwa.

Kulikuwa na mafundi wengine huko huko waliotoboa krenki kutoka upande hadi upande ili konrodi ipate midomo miwili ya kunywea. Kwa macho ni jambo la busara. Lakini oili ya tundu la namna hiyo lazima ivuke katikati ya krenki, na krenki inayozunguka huitupa nje. Mizunguko ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo ya kutupa huongezeka mara nne. Baadhi ya injini za mashindano hufanya kinyume: huingiza oili puani mwa krenki, katikati kabisa, na kule kutupwa nje kukawa ndiko kunakoipeleka kwenye konrodi. Sijaona jawabu zuri kuliko hilo.

Wajerumani walianzia kwenye tangi. Porsche 911 ilitoka mwaka 1964 ikiwa na sampu kavu: pampu moja hukomba oili chini ya injini na kuirudisha kwenye tangi la pembeni, nyingine huilisha injini kutoka humo. Gari likilalia kona ndefu, mrija haufyonzi hewa, na oili yenye mapovu haifanyi kabari. BMW, kwa M3 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliyofika mizunguko 8,000, ilibaki na sampu ya kawaida na oili nzito ya 10W-60. Hata hivyo kampuni yenyewe iliziita baadhi ya gari hizo ili kuzibadilishia beringi za konrodi.

Kwa Wajapani, tatizo la Nissan Skyline GT-R ya 1989 lilikuwa ukarimu. Pampu hupeleka oili tele kwenye hedi, na injini ikikazwa muda mrefu, oili hukawia huko juu huku sampu ikikauka. Mafundi hubana njia ya kupandia, hupanua ya kurudia, na huongeza sampu. Hawajaonana na wale wa Ford, lakini wamemnyang'anya sahani mgeni yule yule wa juu.

Nairobi, penye Subaru za turbo kila mtaa, dawa maarufu ya mlio ni kutia oili nzito ya 20W-50. Kwa juu juu ni jawabu la BMW. Ila BMW waliipangia injini oili hiyo ikiwa bado mpya. Hapa huchaguliwa beringi ikishalika, ili gari lipate mnunuzi kabla halijalia tena. Na asubuhi ya baridi ya Julai, oili nzito hutembea polepole, mwisho wa foleni ukiwa bado ni ule ule.