Baiskeli ya Babu Ilitaka Kwenda kwa Mia Nane

Wiki mbili zilizopita jamaa wa vyuma chakavu alisimama mlangoni kwetu Kibokoni na mzani wake. Akachungulia chini ya ngazi, akasema, "Hiyo baskeli nawapa mia nane."

Mama akaniangalia. Mimi nikaangalia simu. Tokeni za stima zilikuwa zinakata, na tangu niache chuo hizi video zangu bado hazijaniletea pesa ya kujisifu. Wallahi mdomo ulikuwa ushafunguka kusema "chukua".

Bibi alikuwa jikoni. Hakutoka hata. Akasema tu kutoka kule kule, "Hiyo si baskeli. Hiyo ni Rali ya babu yako. Mwambie aende."

Jamaa akaenda. Na mimi nikabaki na swali. Mbona Bibi alisema "si baskeli, ni Rali"? Utotoni nilidhani Rali ni ile ya Safari Rally, nikawa nawaambia watoto wenzangu kwamba babu yangu aliwahi kushindana. Msinicheke. Nilikuwa na miaka sita.

Rali ni Raleigh. Na wiki mbili hizi nimekuwa nikifuatilia hilo jina na ndugu zake: Phillips, Hercules, BSA, Humber, Rudge. Waulize wazee wowote wanaokaa barazani na kahawa jioni, watakutajia haya majina kama wewe unavyotaja aina za simu. Halafu waulize yalienda wapi. Kimya. Basi kaa nikuhadithie.

Jumamosi niliisukuma ile baiskeli mpaka kwa fundi mmoja mzee. Namwita Ami, kama kila mtu anavyomwita. Aliipindua, akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akaisugua habu ya nyuma taratibu. Pakatokea maandishi: Sturmey-Archer, AW, na namba 58. Akaniambia, "Hii ilizaliwa hamsini na nane, mwanangu. Imekuzidi wewe na mamako." Kumbe zile habu za gia tatu zilipigwa muhuri wa mwaka kiwandani. Babu alikuwa akihesabu shehena bandarini Kilindini, na baiskeli aliinunua mkononi kwa karani wa Kigoa miaka ya sitini. Kwa hiyo ilifika kwake tayari ina historia.

Ami akanionyesha mengine. Breki zake hazina waya, ni vyuma vitupu kutoka usukani mpaka kwenye rimu. Na lile gurudumu la meno linalovuta cheni, ukilitazama vizuri, limechongwa vichwa vya ndege. Ni korongo. Nimeishi na hiyo baiskeli maisha yangu yote na sikuwahi kuwaona.

Huyo korongo ni nembo ya familia ya Frank Bowden, Mwingereza tajiri aliyeingia kwenye karakana ndogo ya baiskeli iliyokuwa Raleigh Street, mji wa Nottingham, mwishoni mwa miaka ya 1880. Jina la mtaa likawa jina la kampuni. Kufikia 1951 kiwanda hicho kilikuwa kinatoa baiskeli zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Nyingi zilikuwa zinapakiwa melini, zikaletwa huku kwetu na kwingineko kwenye makoloni.

Na walijua kujitangaza! Kuna bango lao moja la enzi hizo la soko la Afrika: Mwafrika anakanyaga Raleigh yake ya chuma, nyuma simba anamkimbiza. Yaani nunua baiskeli usije ukaliwa. Sasa wewe fikiria bango hilo mbele ya karani wa Mombasa, anayetoka Mji wa Kale kwenda Kilindini. Simba wa wapi kisiwani? Hatari pekee njiani ni hamali mwenye mkokoteni anayepiga kelele umpishe.

Lakini watu walinunua, na si kwa ajili ya simba. Kabla ya magari kuenea, wakubwa wa kikoloni hapa kisiwani walikuwa wanapanda vigari vidogo juu ya reli nyembamba, vinasukumwa na watu weusi kutoka Mji wa Kale hadi upande wa Kilindini. Ndio, wanasukumwa, kama watoto kwenye gari la kitoto. Sasa chukua hiyo picha, kisha mweke babu yako juu ya baiskeli yake mwenyewe, suruali kaibana na kibanio, kengele analia nayo Ndia Kuu nzima, hasukumwi na mtu wala hamsukumi mtu. Hapo unaanza kuelewa kwa nini Bibi hakubali kuiita "baskeli" tu.

Na Rali haikuwa peke yake. Hercules ilianzishwa Birmingham mwaka 1910 na ndugu wawili wa ukoo wa Crane, na ujanja wao ulikuwa bei nafuu. Phillips nayo ilitoka huko huko Birmingham. BSA ndiyo iliyonichekesha: kirefu chake ni Birmingham Small Arms, kampuni ya mafundi wa bunduki iliyoundwa 1861. Nembo yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Kwa hiyo mzee aliyepeleka samaki Marikiti kwa BSA alikuwa anaendesha bidhaa ya kiwanda cha silaha.

Ami anasema vijana wa zamani walikuwa wanabishana mpaka wanataka kupigana. Wa Rali anamcheka wa Hercules, wa Phillips anamwambia wa BSA chuma chake kizito. Sasa sikiliza. Raleigh ilikuwa imenunua Humber mwaka 1932. Ikanunua Rudge mwaka 1943. Mwaka 1957 ikachukua baiskeli za BSA. Mwaka 1960 Raleigh ikaunganishwa na kampuni kubwa ya Tube Investments, ambayo tayari ilikuwa na Phillips na Hercules. Kuanzia hapo karibu majina yote yale yakawa chini ya paa moja.

Yaani wazee wetu waliendelea kubishana biriani ya nani tamu, na masufuria yote yametoka jiko moja.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Tumezoea kusema jina fulani "lilikufa" kwa sababu Wachina walikuja, au kwa sababu pikipiki zilikuja. Hiyo ni nusu ya habari. Haya majina yalianza kufa yakiwa bado yanang'aa dukani, siku yalipogeuka kuwa stika. Ukiwa na majina sita na kiwanda kimoja, huhitaji tena baiskeli sita tofauti. Unahitaji rangi sita na beji sita. Mnunuzi anaendelea kulipia jina la babu yake, na ndani ni kitu kile kile.

Halafu Waingereza wenyewe wakaanza kununua magari, na makoloni yakawa nchi huru zinazotaka viwanda vyao. Raleigh ikauzwa 1987, ikaja kuuzwa tena, na tangu 2012 ni ya kampuni ya Uholanzi. Kule Nottingham, fremu ziliacha kutengenezwa 1999, na mwaka 2002 hata kazi ya kuunganisha ikasimama. Hata Sturmey-Archer, yule wa habu ya babu, leo ni wa kampuni ya Taiwan. Na unajua sehemu kubwa ya uwanja wa kile kiwanda imekuwa nini? Chuo kikuu. Mimi nimeacha chuo, nimerudi nyumbani kwa baiskeli iliyotoka kiwanda kilichogeuka chuo. Mungu ana utani wake.

Sasa mjukuu wa hii hadithi yuko India. Hercules, Phillips na BSA zilianza kuundwa Chennai na kampuni ya TI Cycles iliyoanzishwa 1949. Hercules na BSA mpaka leo zinauzwa kule, watoto wa shule wanazipanda bila kujua Birmingham ni wapi. Pale Ludhiana, ndugu wa ukoo wa Munjal walianzisha Hero mwaka 1956, na miaka thelathini baadaye kitabu cha Guinness kikawataja kuwa watengenezaji wakubwa kuliko wote duniani. Koloni likamrithi mkoloni.

Lakini India nako si peponi. Atlas ilianza 1951, ikawa jina kubwa kabisa. Tarehe 3 Juni 2020 kiwanda chake cha mwisho kilichokuwa kinafanya kazi, pale Sahibabad karibu na Delhi, kikasimama. Tarehe 3 Juni ndiyo Siku ya Baiskeli Duniani. Mfanyakazi umeamka, wenzako duniani wanaposti picha za baiskeli, wewe unasoma tangazo getini kwamba kazi hakuna.

Na hapa kwetu? Tazama barabarani. Boxer ni ya Bajaj, kampuni ya India. TVS ni ya India. Hero wenyewe walishaingia kwenye pikipiki na Honda tangu 1984. Tuktuk nyingi ni Bajaj au Piaggio. Hata neno boda boda lilianza na baiskeli, kule mpakani Busia, watu wakibebwa kwenye keria kutoka upande wa Kenya hadi Uganda. Pikipiki ikachukua kazi, ikachukua abiria, ikachukua mpaka jina. Baiskeli ikabaki na nini? Wauza samaki, wauza mikate, yule jamaa wa kunoa visu anayepiga pedali akiwa amesimama pale pale. Na kicheko chetu sisi.

Maana tunacheka, tusidanganyane. Niliposti klipu fupi nikiisukuma Rali kupita Fort Jesus, komenti ya kwanza ikasema, "Umefilisika mpaka umerudi enzi za mkoloni." Ilipata likes nyingi kuliko klipu yenyewe.

Ndugu yangu wa komenti, hebu tuongee. Hizi ndia za Mji wa Kale zilikuwepo kabla ya gari. Nyingine ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Leo pikipiki inapita humo na moshi wake, honi juu ya honi, watoto wanabanwa ukutani, mabibi wanashindwa kukaa barazani. Chombo kinachofaa hizi ndia tulikuwa nacho. Hakikuwashinda wazee wetu kufanya kazi, kilitushinda sisi kwa aibu. Jina la Raleigh lilipokuwa la heshima, mtu wa baiskeli aliheshimiwa. Jina lilipoporomoka tukadhani na baiskeli imeporomoka. Tuliheshimu beji kuliko kitu.

Sisemi kila mtu arudi kwenye pedali. Mtu wa Bamburi anayefanya kazi mjini, apite Daraja la Nyali na baiskeli katikati ya matatu? Hapana, huko ni kutafuta sanda. Na kijana mwenzangu anayelisha familia kwa Boxer, sina neno naye, riziki ni riziki. Ninachosema ni kwamba ndani ya kisiwa, kutoka Kibokoni hadi Marikiti hadi Mwembe Tayari, tumelipa jina jipya kazi ambayo chuma cha 1958 bado kinaiweza.

Nimejuaje kinaiweza? Ami alinifungia cheni mpya, akabadilisha tyubu mbili na raba za breki. Akanitoza mia saba na hamsini, pamoja na vifaa. Hesabu hiyo inaniuma bado: vyuma chakavu wangenipa mia nane. Tofauti kati ya baiskeli na takataka ilikuwa shilingi hamsini na kelele ya Bibi.

Sasa naiendesha kwenda kurekodi. Mama bado anasema inajaza nafasi pale chini ya ngazi, na huo mjadala haujaisha. Saruji ya kukazia kiti imeniachia maumivu siwezi kueleza hapa. Yaani hicho kiti ni saruji. Lakini jana nilipopita barazani, mzee mmoja ambaye hajawahi kunijibu salamu vizuri aliinua kikombe chake, akaitazama baiskeli kwanza, mimi baadaye, akauliza, "Rali?"

Nikamwambia, "Rali, babu."

Akanisogezea nafasi nikae.

Kwa hiyo leo jioni nenda kachungulie chini ya ngazi, nyuma ya tangi la maji, juu ya dari. Ukikuta baiskeli nzee, isugue hapo shingoni mbele ya usukani utoe kutu, usome jina. Halafu niandikie chini ni ipi: Phillips, Hercules, BSA, Humber, Phoenix ya Shanghai, yoyote ile. Na kabla hujaiuza, muulize aliye jikoni.