Embu na Meru: Nani Aliruhusiwa Kulala Mchana?

Izaak Walton alifariki Uingereza mwaka 1683 bila kuikanyaga Afrika, lakini jina lake linajulikana Embu kuliko la machifu wengi wa hapo. Limebaki kwenye hoteli ya Izaak Walton, iliyo kando ya barabara ya kwenda Meru, jengo la zama za Wazungu. Walton ndiye mwandishi wa The Compleat Angler, kitabu cha mwaka 1653 kinachosifu uvuvi wa ndoana. Kwa maoni yangu kinasifu zaidi raha ya kukaa kando ya mto kutwa nzima bila mtu kukuuliza unafanya nini hapo.

Hata samaki waliovuliwa katika mito ya huku walikuwa wageni. Mayai ya trauti yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, yakatiwa katika mto Gura huko Aberdare. Baadaye mito baridi ya Mlima Kenya nayo ikapandikizwa samaki hao. Wenyeji wa miteremko hii hawakuwa na mazoea ya kula samaki, wala hawakuwaomba. Trauti aliletwa ili ofisa aliyechoshwa na makaratasi, au mlowezi aliyekuja likizo, apate kisingizio cha heshima cha kutofanya lolote.

Si kwamba kabla ya hapo msafiri alikosa pa kujinyoosha. Umeruni vijana wa rika moja walilala gaaru, nyumba kubwa ya mashujaa, na rika lilikuwa undugu uliovuka mipaka ya ukoo. Aliyetoka mbali alijieleza kwa rika lake kabla ya kuulizwa shida yake. Kilichoingia na ukoloni ni pumziko la kulipia, na pamoja nalo swali la nani ana ruhusa ya kupumzika.

Boma la serikali ya kikoloni la Embu lilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1908 Edward Butler Horne, ofisa mfupi ambaye Wameru walimbandika jina la Kangangi kwa kutotulia mahali pamoja, akapiga kambi palipokuja kuwa mji wa Meru. Penye boma hapakosi ofisa, na penye ofisa hapakosi kiti cha barazani. Meru ikapata Pig and Whistle, hoteli yenye jina lililochukuliwa kutoka vilabu vya pombe vya Uingereza. Mgeni angeweza kuketi hapo asubuhi hadi jua lizame, na hilo likaitwa likizo.

Mwenyeji akifanya vivyo hivyo, jina lilikuwa uzururaji. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, kitambulisho cha kikoloni, na mara nyingi alikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Akikutwa mjini hana kazi wala mwajiri wa kumsemea, aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Kisha, tarehe 20 Oktoba 1952, ikatangazwa Hali ya Hatari. Aprili 1954 msako mkubwa wa Nairobi uliwalenga waziwazi Wakikuyu, Waembu na Wameru, na maelfu wakapelekwa kizuizini. Huku nyumbani watu walihamishiwa vijiji vya kulazimishwa, wakaswagwa kuchimba handaki refu kando ya msitu ili wapiganaji wa Mau Mau wasifikiwe na chakula. Wakati wa Walton, kule mtoni, haukuwa wao.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, na Embu ikawa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki. Ndipo iliposhamiri lojing: vyumba juu ya duka au nyuma ya hoteli ya chai, kitanda kimoja, beseni, kandambili zisizolingana. Ni nyumba zisizo na maringo, na wanahistoria wetu wamezipita bila kuzitazama. Humo ndimo karani aliyehamishwa, mwalimu aliyefuata mshahara wake mjini na dereva wa lori lililoharibika walimojifunza kulala mchana ugenini kwa pesa zao wenyewe. Lakini sheria ya uzururaji yenyewe haikufutwa hadi mwaka 1997.

Ukitaka kuona kichekesho cha suala hili la nani apumzike, panda hadi Maua, kwenye vilima vya Nyambene. Miraa ni mmea wa vikao, wa watu wenye saa nyingi na maneno mengi, lakini biashara yake haina hata dakika ya kupoteza, kwa kuwa majani yakinyauka yameharibika. Yanafungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa kwa pikapu hadi uwanja wa ndege. London nayo ilipokea shehena hizo mpaka Uingereza ilipopiga marufuku Juni 2014. Maelfu huko ng'ambo walistareheka vibarazani kwa mbio za Wameru.

Chogoria, chini ya Mlima Kenya, ndiko mgeni wa ng'ambo anakozembea zaidi leo. Daktari Archibald Irvine alianzisha misheni ya Kiskoti hapo mwaka 1922. Ernest Carr, tajiri aliyeigharimia, ndiye pia aliyejenga kibanda cha Urumandi mlimani, cha wapandaji kupumzikia. Baadaye yakaja mabanda ya Meru karibu na lango la hifadhi, kwenye mwinuko wa karibu mita 3,000. Wapandaji wanaovuka mlima kutoka njia ya Sirimon huteremkia huku wamechubuka visigino, wakaanika soksi, wakalala hadi saa tano.

Siku hizi nusu ya sauti utakazosikia hapo ni za Nairobi. Vijana hupanda Ijumaa jioni kwa magari ya kuazima, wakapiga mahema Ziwa Ellis, wakachoma nyama, na Jumamosi nzima hawaendi popote. Kilele hawakitaki. Wazee wa Chogoria wanaowauzia kuni huwauliza kama wameshindwa na mlima, nao hujibu kwamba wamekuja kulala tu.