Kaja na Amekuja: Safari ya Majedwali ya Vitenzi Kutoka Italia Hadi Pemba

Miongoni mwa istilahi tunazozitumia kila siku na kuzichunguza mara chache ni zile za sarufi. Mwalimu huingia darasani akazungumza juu ya njeo, hali na dhamira kana kwamba maneno hayo yamezaliwa pamoja na lugha yenyewe. Kumbe kila moja lina historia yake, na kila jedwali lililojengwa kwa maneno hayo limeacha kitu nje. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi majedwali ya vitenzi yalivyotufikia, na jinsi umbo moja linalosemwa kila siku kisiwani Pemba lilivyokosa nafasi ndani yake.

Tutaanzia mbali kidogo, yaani Italia, kwa sababu mbili. Kwanza, Kiitaliano ni mtoto wa Kilatini, na ni sarufi ya Kilatini iliyowafundisha Wazungu kupanga vitenzi kwa safu. Pili, Waitaliano si wageni tena Pemba. Tangu mwaka 2000 iko Wawi, karibu na Chake Chake, maabara ya afya ya jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa Kiitaliano wa vimelea. Lugha mbili zikikutana mahali pamoja, hapana budi zilinganishwe.

Safu za Kiitaliano

Vitenzi vya kawaida vya Kiitaliano vimegawanywa katika makundi matatu kwa kufuata mwisho wake: parlare, kusema, temere, kuogopa, dormire, kulala. Mtu akishalijua kundi, huuondoa mwisho huo akaweka mwingine: parlo, nasema, parli, wasema, parla, asema, parliamo, twasema, parlate, mwasema, parlano, wao wasema. Nafsi, ambayo sisi huitaja mwanzoni mwa kitenzi, wao huitia mwishoni.

Maumbo hayo hupangwa chini ya vichwa viwili. Cha kwanza ni modo, yaani jinsi msemaji anavyolichukulia tendo: analiarifu, analiamrisha, analitamani au kulitilia shaka, ama analifunga kwa sharti. Sarufi za shule huhesabu modo saba, nne zenye nafsi na tatu zisizo na nafsi. Kichwa cha pili ni tempo, na modo ya kuarifu peke yake ina tempo nane.

Mwanafunzi anayelitazama jedwali hilo huenda akadhani kuwa limekuwapo hivyo tangu kale. Sivyo. Zamani, katika sehemu nyingi za Italia, watu walisema parlamo, tememo, dormimo, kila kundi na irabu yake. Watu wa Firenze walilichukua umbo la -iamo kutoka katika modo ya kutamani, wakalitumia hata katika kuarifu. Mwaka 1525 Pietro Bembo, mzaliwa wa Venezia, alichapisha kitabu chake juu ya lugha, akawapendekezea waandishi wote Kifirenze cha karne ya 14. Hivyo -iamo ikawa kanuni, na parlamo, ambalo lilikuwa na kanuni yake kwa waliolisema, likahesabiwa kosa. Mjini Roma lingali likisikika hadi leo.

Mambo yaliweza pia kwenda kinyume. Kwa muda mrefu sarufi ziliamuru io parlava, yaani 'nilikuwa nikisema', ingawa vinywa vya watu wa Firenze vilikwisha kuhamia io parlavo. Alessandro Manzoni wa Milano alipoisahihisha riwaya yake, I promessi sposi, kwa ajili ya toleo la 1840 hadi 1842, alilifuata umbo la vinywani. Leo parlavo ndilo linalofundishwa shuleni. Kosa la jana limekuwa kanuni ya leo, na lugha haikuharibika. Kinyume chake, ilipata faida, maana parlava lilikuwa likitumika kwa nafsi ya kwanza na ya tatu pamoja, na sasa nafsi hizo zimetenganishwa.

Jedwali lafika Unguja

Wamisionari waliokuja pwani yetu walikuja na jedwali hilo vichwani mwao. J. L. Krapf alichapisha muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Edward Steere aliwasili Unguja mwaka 1864, na kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kikatoka mwaka 1870. Walikuwa watu wa bidii, na hatuna nia ya kuwashutumu. Lakini kila walipoisikia silabi kama -na-, -li-, -ta- au -me-, waliiuliza swali la Kilatini: wewe ni wakati gani?

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Uamuzi huo ulituletea manufaa makubwa: vitabu vya aina moja, tahajia moja, na hatimaye lugha ya taifa. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya 1944, alipiga hatua mbele kwa kuviita viambishi kwa sura zake vyenyewe badala ya kuvilazimisha kuvaa majina ya Kilatini. Hata hivyo safu ilibaki moja.

Pemba haikuwa kisiwa cha watu wasiojua lugha. Katika karne ya 19 palikuwa na washairi kama Kamange na Sarahani, ambao tungo zao zilihifadhiwa kwa kizazi hadi kizazi. Wala si kweli kwamba lahaja za kisiwa hicho hazikuchunguzwa. W. H. Whiteley alichapisha kitabu kizima juu ya lahaja na tungo za Pemba mwaka 1958. Lakini uchunguzi huo ulibaki katika rafu za wataalamu, na mwalimu wa darasani hakupewa.

Kaja

Sasa tulitazame umbo tulilolikusudia. Mpemba, na pia mtu wa sehemu nyingine za Zanzibar, akitaka kuuliza iwapo mzazi amerudi nyumbani, husema: "Baba kaja?" Wengi wetu tuliofunzwa kuandika visiwani tunaikumbuka kalamu nyekundu iliyopita juu ya neno hilo. Juu yake iliandikwa amekuja, na pembeni neno moja: kosa. Mtoto hakuelezwa ni kosa la nini. Aliloondoka nalo ni kuwa usemi wa mama yake hauna kanuni.

Baadhi ya walimu walieleza kwamba kaja ni akaja iliyodondosha irabu. Maelezo hayo hayatoshi. Akaja ni umbo la kusimulia, na huhitaji kitenzi kinachotangulia: aliondoka, akaja. "Baba kaja?" huweza kuyafungua mazungumzo bila ya kutanguliwa na neno lolote. Ka- hii, basi, ni nafsi ya tatu umoja, yenye kanuni yake yenyewe.

Tuipime kanuni hiyo. Kwa Kiswahili sanifu twasema amesema, amelala, amepika. Lakini amekuja, amekula, amekufa, amekunywa. Vitenzi vya silabi moja huongezewa ku, kwa kuwa -me- haibebi mkazo, na mkazo wa Kiswahili hutaka silabi ya pili kutoka mwisho. Hivyo mwanafunzi hufundishwa kanuni, kisha kanuni ya ziada. Kwa umbo la ka- hali ni nyingine: kasema, kalala, kapika, vilevile kaja, kala, kafa, kanywa. Ka- hubeba mkazo yenyewe, na hakuna cha ziada. Ikiwa kitenzi cha kawaida ni kile kinachofuata kanuni moja bila ya kuongezewa kitu, basi hapa kilichoitwa kosa ndicho cha kawaida zaidi.

Lipo jambo la pili. Mtu husema "kaja sasa hivi" na pia "kaja jana". Umbo moja hufanya kazi ambayo Kiswahili sanifu huigawa baina ya -me- na -li-. Wengine wameliona hilo kuwa ni ufukara. Lakini Mwitaliano wa kaskazini naye husema ha parlato kwa tendo la sasa hivi na la jana pia, huku parlò akiliacha zaidi kwa vitabu. Anayetafuta tafsiri fupi ya ha parlato ataipata Pemba: kasema.

Istilahi zinazohitajika

Kutokana na hayo tunaona haja ya kuzitenga istilahi nne ambazo mara nyingi huchanganywa. Njeo iwe ni mahali pa tendo katika wakati: lililopita, lililopo, lijalo. Hali iwe ni jinsi tendo lilivyo ndani yake: limetimia, linaendelea, hurudiwa. Dhamira iwe ni msimamo wa msemaji, yaani ile modo ya Waitaliano. Leo vitabu vya shule huandika 'hali timilifu' kwa -me- na 'hali ya masharti' kwa -nge-, na neno moja hubebeshwa mizigo miwili. Nne ni mnyambuliko. Wako wanaolitumia neno hili kwa majedwali ya aina ya parlo, parli, parla, ilhali kwetu mnyambuliko ni yale yanayofuata mzizi: pigia, pigwa, pigana. Mpangilio wa nafsi na njeo ni uambishaji, na hauna budi kuitwa hivyo.

Istilahi hizi zikitengwa, mwalimu atakuwa na maneno ya kumweleza mtoto ukweli: kaja ni nafsi ya tatu umoja, hali timilifu, dhamira ya kuarifu, kwa uambishaji wa Kipemba, amekuja ni hilohilo kwa uambishaji wa Kiswahili sanifu. Katika mtihani na katika barua ya ofisi andika la pili. Kalamu yaweza kubaki nyekundu, lakini pembeni iandike 'si sanifu', isiandike 'kosa'.

Baraza la Kiswahili la Zanzibar limekwisha kuchapisha kamusi ya Kipemba, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kamusi huhifadhi maneno. Kanuni za kuyaunganisha huhifadhiwa na sarufi. Tunapendekeza majedwali ya vitenzi yaongezwe safu moja kwa ajili ya lahaja, ili mtoto wa Micheweni au wa Mkoani anapofungua kitabu cha sarufi aione lugha ya kwao imepangwa pamoja na nyingine, na kanuni yake imeandikwa chini.