Mchezo wa waya na kengele katika harambee ya mtaa

HARAMBEE za mitaani Eastlands, Nairobi, ziwe za karo au za bili ya hospitali, aghalabu hutegemea bahasha na mnada. Katika mtaa kama Jericho, ambako uwanja wa Camp Toyoyo hujaza vijana, mchezo wa umeme ulioundwa kwa mkono waweza kuwavuta pia wasio na noti ya kutoa.

Ulio rahisi kuuunda ni wa waya na kengele. Mchezaji hulipa ada ndogo, kisha hupitisha kitanzi chenye mpini kwenye waya uliopindwapindwa bila kuugusa. Akiugusa, kengele hulia naye hutoka.

Siri yake ni saketi iliyoachwa pengo. Ncha moja ya betri huungwa na waya, ya pili na kengele, kisha kengele na kitanzi. Mguso ndio unaoziba pengo. Betri nne za tochi za volti 1.5, zikipangwa kwa mfululizo, hutoa volti 6, na zatosha. Umeme wa nyumbani wa volti 240 usikaribie meza hiyo, kwani waya ulio uchi ndio unaoshikwa na watoto. Waya wa henga hufaa, mradi rangi yake ikwanguliwe kwa msasa. La sivyo kengele haitalia na kila mtu atashinda. Vipuri hupatikana Luthuli Avenue, au ndani ya redio mbovu.

Ugomvi huzuka mguso unapokuwa wa kufumba na kufumbua: mchezaji akana, watazamaji waape. Dawa yake ni rilei ya volti 6, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Koili yake huungwa sambamba na kengele, na viguso vyake sambamba na lile pengo. Ikishavutwa mara moja hujishikilia, na kengele haikomi hadi msimamizi akate mkondo.

Lililo zito zaidi ni imani. Katika miaka ya 2010, mashine za kamari za kutumbukiza sarafu zilienea vibandani nchini na kumeza pesa za watoto, hata serikali ikazinasa na kuziteketeza. Mzazi akiutilia shaka mchezo wa sarafu na kengele, hana kosa. Kwa hiyo nyaya zote hupigiliwa juu ya ubao, peupe, bila sanduku la kuzificha, na zawadi hutangazwa mapema.

Upana wa kitanzi ndio unaoamua hesabu. Watu 100 wakilipa Sh20 kila mmoja, hupatikana Sh2,000. Zawadi ikiwa ya Sh50 na washindi 20, husalia Sh1,000. Washindi wakifika 40, harambee haipati hata senti. Na asiposhinda yeyote, foleni itatawanyika mapema. Hivyo majirani kadhaa hujaribishwa mchezo siku moja kabla, na kitanzi hubanwa au kupanuliwa kwa koleo.